Maswali ya Wasomaji: Nyota ya Pembe 25, Piramidi Isiyozunguka na Taa za Barafu

Kila mwaka Majilio yanapokaribia, barua za ukurasa huu wa kazi za mikono hugawanyika mafungu mawili. Wasomaji walioko nyumbani huuliza wayafanye nini mapambo ya nchi za baridi waliyoletewa na jamaa zao, na wasomaji walioko katika nchi hizo huuliza namna ya kujitengenezea vitu wanavyoviona madirishani kwa majirani. Mwezi huu nimechagua barua sita. Zilizouliza bei za madukani tu nimeziweka kando, kwa kuwa kazi ya ukurasa huu ni mkasi na gundi.

Swali: Mhariri, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Mbeya na nimelelewa katika Kanisa la Moravian. Sasa ninaishi Leipzig, na tangu wiki iliyopita kila baraza ninalolipita limetundikwa nyota kubwa yenye pembe nyingi, inayowaka kwa ndani, sawasawa na ile niliyoizoea kanisani utotoni. Siku zote nilidhani ni yetu. Je, ilitoka kwetu ikaja huku, au ilitoka huku? Na je, ninaweza kuitengeneza mwenyewe? Ya dukani bei yake imenishinda. *Mama wa watoto wawili, Leipzig*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ni yenu, na ni ya huko pia, kwa sababu nyota hiyo na kanisa lako vimetoka katika mji mmoja. Herrnhut ni mji mdogo ulioko mashariki mwa Saxony, jimbo hilohilo unaloishi, na ulianzishwa mwaka 1722 na watu waliokimbia mateso ya kidini huko Moravia, katika Jamhuri ya Czech ya leo, wakapewa hifadhi katika ardhi ya bwana mmoja wa kikabaila aliyeitwa Zinzendorf. Kutoka hapo walitawanyika wamisionari kwenda sehemu nyingi za dunia, na mwaka 1891 wakafika Rungwe, ambako ndiko kanisa la wazazi wako lilikoanzia. Ukipata siku ya mapumziko panda treni uende ukautazame mji huo, ambao mwaka 2024 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na makazi mengine ya Wamoravian.

Nyota yenyewe haikuzaliwa kanisani. Ilizaliwa darasani, katika shule ya bweni ya Wamoravian iliyokuwa Niesky, si mbali na Herrnhut, mwanzoni mwa karne ya 19, pale walimu wa hisabati walipowafundisha wanafunzi maumbo kwa kuyaunda kwa karatasi. Wengi wa watoto waliosoma katika shule za namna hiyo walikuwa watoto wa wamisionari, ambao wazazi wao walikuwa ng'ambo na barua zao zilichukua miezi kufika. Jumapili ya kwanza ya Majilio ikawa siku ya kuiunganisha nyota, na desturi hiyo ikatoka bwenini ikaingia majumbani. Mwishoni mwa karne hiyo Pieter Hendrik Verbeek, mfanyabiashara wa Herrnhut, aliiboresha kwa namna ambayo iliweza kufunguliwa vipandevipande na kutumwa kwa posta, na hapo ndipo biashara ilipoanza. Nakueleza haya yote kwa sababu yanajibu swali lako la pili: kitu kilichobuniwa na watoto wa shule kwa karatasi na gundi hakiwezi kukushinda.

Sharti lake ni hesabu. Nyota ina pembe 25, yaani 17 zenye kitako cha mraba na 8 zenye kitako cha pembetatu, na pande zote za vitako hivyo lazima ziwe na urefu mmoja. Wengi huharibu kazi hapa, kwa maana hukata vitako vya pembetatu vidogo kidogo kwa kuwa vinaonekana vizuri zaidi mezani, halafu mwishoni nyota inakataa kufunga. Kwa nyota ya kiasi, chukua kitako cha sentimita 4 na mbavu za sentimita 14. Chora juu ya karatasi ya manila pembetatu nne nyembamba zilizopangwa bega kwa bega, zote zikikutana kwenye ncha moja, uache ukingo wa gundi ubavuni na vikingo vidogo chini ya kila pembetatu. Kwa pembe zenye kitako cha pembetatu, chora tatu badala ya nne. Ukizijumlisha zote utakuwa umechora pembetatu 92, kwa hiyo usichore moja moja kwa rula. Kata kielelezo kimoja cha karatasi ngumu kwa kila aina, kisha watoto wakizungushie penseli. Kabla ya kukunja, pitisha ncha ya kalamu iliyokwisha wino juu ya kila mstari wa kukunja, la sivyo manila itapasuka na kuonyesha nyuzi zake.

Kuunganisha huanzia kiunoni. Pembe nane za mraba hushikana kwa vikingo vyao na kufanya duara. Juu ya duara hilo huja safu ya pembe nane nyingine, mraba na pembetatu zikipokezana, na juu kabisa huketi mraba mmoja. Upande wa pili hufanywa vivyo hivyo, isipokuwa pale pa mraba wa mwisho huachwa wazi, na ndipo taa inapoingia. Tumia balbu ya LED peke yake, kwa sababu balbu ya kizamani huchemka na karatasi itaungua. Rangi za asili ni nyeupe na nyekundu, ingawa manjano nayo imekuwa ya kawaida. Majirani zako huiacha nyota ikining'inia hadi Epifania, tarehe 6 Januari, na wengine hupitiliza bila kuulizwa na mtu.

Swali: Mhariri, rafiki yetu Mjerumani alituletea zawadi ya mbao yenye ghorofa tatu, vinyago vidogo vya wachungaji na malaika, mishumaa pembeni na mapanga juu kama ya pangaboi. Alisema tukiwasha mishumaa itazunguka yenyewe. Tumewasha Jumapili mbili mfululizo, nayo haitikisiki. Wanangu wameanza kuizungusha kwa kidole. Je, imeharibika, au haipendi joto la Dar es Salaam? *Baba wa familia, Kinondoni*

Jibu: Kabla ya jambo lolote, kaka, naomba unijibu swali moja: je, mlipowasha mishumaa, pangaboi la sebuleni lilikuwa limezimwa? Nina hakika halikuzimwa, na madirisha nayo yalikuwa wazi, maana hakuna mtu wa Kinondoni atakayefunga nyumba mwezi Desemba kwa hiari yake. Hiyo ndiyo sababu. Kifaa chako huitwa piramidi ya Krismasi, na mtambo wake wote ni hewa ya moto inayopanda wima kutoka kwenye ndimi za mishumaa na kuyasukuma mapanga yaliyoinamishwa. Upepo wa pangaboi huitawanya hewa hiyo kabla haijafika juu. Joto la Dar es Salaam halina hatia, kwa sababu hata chumba kiwe na nyuzi 32, mwali wa mshumaa ni wa moto mara nyingi zaidi na hewa yake itapanda tu. Katika nyumba za huko inakotoka madirisha huwa yamefungwa kwa ajili ya theluji na hewa ya ndani imetulia kama maji ya mtungini. Zima feni, funga madirisha kwa robo saa, uvumilie jasho.

Ikikataa bado, kuna mambo mengine ya kutazama. Mapanga hayakugandishwa kwa gundi; shina la kila panga huzungushwa kwa vidole, nalo linatakiwa kuinama takriban nyuzi 45, yote yakielekea upande mmoja. Safarini hujipindua, na panga moja lililokaa kinyume hupigana na mengine. Kisha inua mhimili wa katikati. Chini yake kuna ncha kama sindano inayokaa ndani ya kikombe kidogo cha kioo, na vumbi au tone la nta ndani ya kikombe hicho linatosha kuusimamisha mtambo mzima. Safisha kwa kitambaa kikavu, wala usitie mafuta mazito, kwa sababu hunasa vumbi. Unyevu wa pwani nao huvimbisha mbao, kwa hiyo hakikisha mhimili haukwaruzi tundu unamopita. Mwisho, mishumaa: piramidi ndogo hutumia yenye unene wa milimita 14 au 17, na yote lazima iwe na kimo kimoja. Ile minene ya dukani kwetu inayonunuliwa kwa ajili ya kukatika kwa umeme itayachoma mapanga. Msiiache ikiwaka pasipo mtu mzima chumbani.

Umenikumbusha kueleza vitu hivi vinatoka wapi, kwa maana nadhani mtaitazama kwa jicho jingine. Kusini mwa Saxony, mpakani na Jamhuri ya Czech, kuna milima iitwayo Erzgebirge, yaani milima ya madini, ambako kwa karne nyingi watu walichimba fedha na bati. Madini yalipopungua, wachimbaji walishika kazi ya kukereza mbao, kwa kuwa misitu ilikuwa mlangoni na majira ya theluji yalikuwa marefu. Kijiji cha Seiffen ndicho chenye jina kubwa. Huko mkerezaji huchukua pingili ya mti ungali mbichi, huizungusha kwenye mashine na kuichonga kwa patasi mpaka iwe pete pana, huku akifuata umbo asiloliona, kisha huipasua pete hiyo kwa kisu kama anayekata keki, na kila kipande kikianguka ni ng'ombe, au farasi, au tembo, wote wakiwa ndugu wa kimo kimoja. Sijaona ufundi mwingine wa mbao unaotaka imani kubwa namna hiyo.

Wachimbaji wa zamani waliingia shimoni alfajiri wakatoka jioni, na wakati wa baridi waliweza kumaliza juma zima bila kuliona jua. Kwa hiyo karibu kila pambo la milima hiyo limebeba mshumaa. Zamani dirishani waliweka sanamu ya malaika kwa kila mtoto wa kike wa nyumba na sanamu ya mchimbaji kwa kila wa kiume, ili mpita njia ahesabu watoto kwa kuhesabu taa. Wanao wawili au watatu, sijui ni wangapi, waambie hilo watakapochoka kuizungusha kwa kidole.

Swali: Mhariri, assalamu alaikum. Sisi ni familia ya Mombasa tuliohamia Minneapolis mwaka jana. Ni Waislamu na Krismasi si sikukuu yetu, lakini mtaa mzima unapamba, na wanangu wanatamani nao watengeneze kitu cha kuweka nje ya mlango. Je, kuna kazi ya mikono ya majira haya isiyokuwa ya ibada ya mtu? *Baba Salma, Minneapolis*

Jibu: Waalaikum salaam, Baba Salma. Ipo, na malighafi yake unayo bure: maji na baridi. Taa ya barafu haina dini. Hutengenezwa Finland, Sweden, Kanada na huko kwenu, kwa sababu ni tunda la hali ya hewa na giza la saa kumi jioni. Katika mji wako huohuo watu hutoka usiku kila mwaka, katikati ya baridi, kutembea kandokando ya Lake of the Isles katikati ya taa za namna hiyo.

Chukua ndoo ya plastiki ya lita 10, ujaze maji na uache nafasi ya vidole vitatu juu, kisha uiweke nje juu ya theluji usiku ambao baridi imeshuka chini ya sifuri kwa nyuzi 10 au zaidi. Maji ya ndoo huganda kuanzia nje kuelekea ndani. Uso wa juu na kuta hutangulia, na kitako kilichokalia theluji huchelewa, maana theluji ina hewa nyingi ndani yake na hufanya kazi ya blanketi. Asubuhi utakuta kuta zenye unene wa sentimita 3 au 4 na maji katikati. Muda wenyewe hautabiriki, kwa kuwa usiku mmoja haufanani na mwingine, basi gonga kwa kidole na utazame mapovu yanavyotembea chini ya barafu. Usiiache igande yote, kwa sababu maji yakigeuka barafu huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9 na ndoo itapasuka.

Ilete ndani, ipindue juu ya sinki na uimwagie maji ya vuguvugu mpaka barafu iteleze. Kile kitako chembamba sasa kiko juu. Kitoboe kwa msumari, mwaga maji yaliyobaki, na hapo una bakuli lenye kuta zinazong'aa. Weka mshumaa mdogo au taa ya betri ndani yake. Kutia rangi ya chakula kunawezekana, ila mimi naona barafu tupu ni nzuri kuliko ya bluu, na watoto wako hawatakubaliana nami. Jambo ambalo wote mtakubaliana ni kutia maua au vipande vya chungwa kwenye maji kabla ya kugandisha, kwani hubaki wazi kama yaliyohifadhiwa katika kioo.

Siku ambayo baridi ni ndogo, karibu na sifuri, ndoo haifai lakini theluji huwa mbichi na hushikana. Hapo watoto wafanye madonge ya kiasi cha ngumi, wayapange duara, juu yake duara dogo zaidi, na kuendelea hadi ifanane na kichuguu chenye matundu, kisha mshumaa uwekwe ndani kabla ya kufunga kilele. Waswidi wana mapenzi makubwa na taa hiyo. Theluji ya baridi kali ni kavu kama unga wa sembe na haifinyangiki, kwa hiyo msiilazimishe.

Swali: Dada Mhariri, ninaishi Uppsala. Nimenunua mabua makavu ili nitengeneze mapambo ya kuning'iniza, lakini kila ninapoyakunja yanavunjika. Bibi yangu Pemba alisuka mikeka mpaka akiwa kipofu, nami bua moja linanishinda. *Msomaji, Uppsala*

Jibu: Bibi yako hakusuka ukindu mkavu. Aliulowesha kwanza. Bua nalo ni hivyohivyo: liweke kwenye maji ya vuguvugu kwa muda wa nusu saa hadi saa moja, ulifunge ndani ya taulo lenye unyevu, na utoe machache machache kadiri unavyotumia. Chagua yenye shina refu baina ya kifundo na kifundo. Ya nafaka iitwayo rai hushinda ya ngano kwa urefu na ugumu. Kata vifundo vyote uvitupe.

Ukitaka kitu kisichohitaji kukunja kabisa, anza na himmeli ya Kifini. Ni mabua 12 ya urefu mmoja yaliyopitishwa uzi ndani yake, yakafungwa hadi yakawa piramidi mbili zilizogusana vitako. Ukiwa na moja, tundika ndogo ndani yake, kisha nyingine kwenye kila pembe. Ni nyepesi kiasi kwamba joto la mshumaa au mtu kupita karibu huizungusha polepole, na zamani ilitundikwa juu ya meza ya chakula kwa kutumainia mavuno mema. Kwa mkono uliorithi ukili, hesabu yake ni rahisi.

Mbuzi wa mabua, lile pambo la Krismasi la Waswidi, mwache kwa mwaka ujao, kwa kuwa miguu yake huhitaji kufungwa kwa nguvu na uzi mwekundu na wanaoanza humfanya afanane na mbwa. Kwa kuwa uko Uppsala, mji wa Gävle hauko mbali. Huko husimamisha mbuzi mkubwa wa mabua tangu mwaka 1966. Wa kwanza alikuwa na kimo cha mita 13 na aliteketezwa usiku wa kuamkia mwaka mpya, na tangu hapo wahuni wamewachoma wenzake mara nyingi sana hata watu hubashiri kama wa mwaka huu ataifikia Krismasi. Hicho ndicho kipimo cha namna mabua yanavyoshika moto. Himmeli yako iwe mbali na mshumaa.

Swali: Mhariri, wanafunzi wangu wa darasa la nne wanakata chembe za theluji za karatasi kwa ajili ya kupamba darasa, tukatandaza na pamba juu ya mti wenye taa. Mzazi mmoja ametulaumu kwamba tunawafundisha watoto theluji ya Ulaya. Wewe unaonaje? *Mwalimu, Moshi*

Jibu: Mwalimu, mzazi huyo atoke nje asubuhi isiyo na mawingu autazame Kibo, kisha aniambie theluji ni ya nani. Lakini ninayo malalamiko yangu mwenyewe. Najua kwa mazoea kwamba watoto hukunja karatasi mara nne na kupata chembe yenye mikono minne au minane, na chembe ya namna hiyo haipo duniani. Molekuli za maji zikiganda hujipanga kwa umbo la pembe sita, ndiyo maana mikono ni sita. Mwaka 1611 mwanahisabati Johannes Kepler aliandika kijitabu kizima akijiuliza kwa nini ni sita na wala si tano au saba, akakitoa kuwa zawadi ya mwaka mpya kwa mfadhili wake. Na mwaka 1885 mkulima mmoja wa Vermont nchini Marekani, Wilson Bentley, alifaulu kupiga picha ya chembe moja kupitia hadubini, akaendelea hadi akapata picha zaidi ya 5,000. Hilo ni somo la sayansi linalotosha kipindi kizima, na mzazi wako hatakuwa na la kusema.

Kukunja kwenyewe ni hivi. Kata duara katika karatasi nyembamba, kunja nusu, halafu nusu hiyo igawe mara tatu zilizo sawa kama koni ya kufungia karanga, kisha ukunje koni hiyo katikati kwa urefu wake. Una tabaka 12 mkononi, kwa hiyo karatasi ya daftari ni nzito mno kwa mkasi wa mtoto. Ile nyepesi ya kufungia zawadi inafaa zaidi. Wakate pembeni pande zote mbili bila kuufikia upande wa pili, na wafunue polepole.

Pamba iondoe leo. Sipingi kwa sababu ya uzalendo, napinga kwa sababu pamba iliyolala juu ya nyaya za taa za bei nafuu ni utambi unaosubiri cheche, na darasa lina milango michache. Ukitaka weupe, zile chembe zenyewe zikitundikwa kwa uzi zinatosha. Na kama kuna mkrismasi karibu na uwanja wa shule, Desemba huwa umewaka maua mekundu. Weka tawi lake mezani kando ya chembe za karatasi, na watoto wachore vyote viwili.

Swali: Dada Mhariri, ninashona nyota na mipira ya mapambo kwa vipande vya kitenge vinavyobaki kwa fundi, na rafiki zangu wananihimiza niviuze katika soko la Krismasi hapa Dresden. Je, nijaribu, na niuze kwa bei gani? *Fundi cherehani, Dresden*

Jibu: Jaribu, lakini usianzie kwenye soko kuu. Striezelmarkt la mji wako lina historia tangu mwaka 1434, na vibanda vyake hugombewa mapema mno kabla ya msimu. Masoko madogo ya makanisa, shule na mitaa hudumu siku mbili au tatu na ada yake huwa nafuu. Kabla ya kuuza hata kimoja, nenda manispaa uulize kama unahitaji kujiandikisha kuwa mfanyabiashara, na ofisi ya uhamiaji kama kibali chako kinaruhusu biashara binafsi.

Kuhusu bei, keti na saa ushone nyota kumi mfululizo, ugawe muda kwa kumi, uuzidishe kwa malipo ya saa ambayo ungekubali kulipwa na mtu mwingine, kisha uongeze uzi, pamba ya kujazia, kitanzi na ada ya meza. Usiseme kitenge ni cha bure kwa kuwa ni mabaki. Muda wa kuyachambua na kuyapiga pasi ni kazi. Ukiona bei imekuwa kubwa kuliko mteja atakavyokubali, punguza mishono ya nyota na uache malipo yako yalivyo. Na ushone nyingi za rangi nyekundu iliyokolea na buluu ya usiku, maana kwenye meza iliyozungukwa na theluji ndizo jicho huziona kwanza kutoka ng'ambo ya barabara.